Barua Niliyokwenda Nayo Shamba

Mimi ni mtoto wa kambini. Nilizaliwa katika nyumba ya mabati ya askari, nikaamshwa kila alfajiri kwa sauti ya tarumbeta, na lugha niliyoisikia kwanza nje ya mlango wa mama yangu ilikuwa Kiswahili cha gwaride. Kwa hiyo ninapowaandikia ninyi mnaokaa katika laini za askari na za polisi, pamoja na wake zenu na wazee wenu walioko nyumbani, sina haja ya kuwaeleza maana ya kungoja. Hata hivyo, nakiri kwamba mimi mwenyewe sikuielewa maana hiyo mpaka Jumapili moja ya Januari 1984, nilipotoka katika mji mkubwa wa Moscow kwenda kutembea shamba kwa siku moja tu, katikati ya majira ya baridi.

Kabla sijasimulia safari, hapana budi nieleze mzigo niliokuwa nao. Haukuwa mkoba wala sanduku. Ulikuwa barua.

Baba yangu alikuwa askari wa Keya. Alikwenda Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akapita bonde la Kabaw katika mvua na matope ya 1944, na Mungu akamrudisha. Mdogo wake, ambaye kwangu ni baba mdogo, alikuwa askari wa mizinga. Yeye aliondoka Mombasa kwa meli mwezi wa Februari mwaka huo huo, asionekane tena. Barua ya serikali ilisema kwamba amepotea baharini. Karani alipomsomea nyanya yangu barua hiyo, nyanya aliuliza swali moja tu: "Ni nani aliyemwona akifa?" Karani hakuwa na jibu. Basi nyanya naye akasema hakuna matanga.

Miaka 40 ikapita. Kibanda cha baba mdogo kiliezekwa upya kila nyasi zilipooza. Shamba lake la ekari tatu kando ya mto halikugawanywa. Nyanya alilipanda simsim mwenyewe, na kila mavuno alitenga debe moja, akisema ni la mwenyewe. Mwishoni mwa 1983 mdogo wangu alitaka kuoa, naye hakuwa na ardhi. Baba akaniandikia Moscow, nilikokuwa nikisomea uhandisi: "Wewe ndiwe mjukuu mkubwa, na ndiwe uliyesoma. Nyanya yako anakusikiliza. Sema neno, tufanye matanga, shamba lipate mtu."

Nilijibu kwa kurasa nne. Lo! Nilijiona hodari. Niliandika kwamba mtu hawezi kukaa baharini miaka 40. Kwamba wafu hawali simsim. Kwamba kumficha mzee ukweli ni kumdanganya, na kwamba walio hai wana haki kuliko wasiokuwapo. Nilimwomba baba amsomee nyanya barua yote, neno kwa neno. Niliifunga, nikabandika stempu, nikaitia katika mfuko wa ndani wa koti. Nilikusudia kuitumbukiza katika sanduku la posta la stesheni siku hiyo ya Jumapili.

Aliyetualika shamba alikuwa mwalimu wetu wa lugha ya Kirusi, mama wa makamo mwenye subira nyingi. Mama yake mzazi alikuwa akiishi peke yake kijijini karibu na mji mdogo wa Yakhroma, kilomita 55 hivi kaskazini ya Moscow. Siku zile wageni hawakuruhusiwa kwenda mbali na mji bila kibali, naye mwalimu alitushughulikia mpaka tukapata, mimi na mwenzangu wa chumbani, kijana kutoka Zambia.

Tulikutana katika stesheni ya Savyolovsky saa mbili asubuhi. Msomaji usidhani kwamba kulikuwa kumepambazuka. Januari huko jua huchomoza karibu saa tatu, na saa kumi na nusu ya jioni limekwisha kuzama. Taa za barabarani zilikuwa zinawaka, na pumzi za watu zilipanda juu kama moshi wa jikoni. Baridi ilikuwa digrii 18 chini ya sifuri. Mimi nilivaa fulana mbili, shati, sweta mbili, koti na kofia ya manyoya, na ndani ya viatu nilitandika karatasi za gazeti, kama alivyotufundisha mzee mmoja mlinzi wa bweni letu. Gazeti huzuia baridi ya ardhini, na likilowa hutupwa likatiwa jingine. Tulifika tumechelewa, tukakimbia, na sanduku la posta likapitwa. Nikasema moyoni: nitaitia jioni.

Gari lenyewe tunaliita gari moshi kwa mazoea tu, maana halikuwa na moshi. Liliendeshwa kwa umeme. Viti vyake vilikuwa vya mbao. Abiria wengi walikuwa watu wa mjini waliokwenda kupumzika shamba kama sisi. Vijana walibeba zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, wakazisimamisha katikati ya magoti yao kama mikuki. Wazee walikalia masanduku madogo, kila mmoja akiwa na keekee kubwa ya chuma. Mwenzangu aliuliza kama ni maseremala. Mwalimu akacheka, akasema ni wavuvi: hutoboa barafu ya mto kwa keekee hiyo, wakatumbukiza ndoana katika tundu, wakakaa juu ya sanduku mpaka jioni. Nilipowaona baadaye kwa macho yangu, wamekaa weusi juu ya uwanja mweupe, kila mtu na tundu lake, nilisema kwamba subira ya mvuvi ni moja duniani kote.

Mji ulipokwisha, misitu ilianza. Ilikuwa misonobari ya kijani iliyoinamishwa na uzito wa theluji, na katikati yake miti ya beryoza, ambayo gome lake ni jeupe lenye mabaka meusi. Kulipopambazuka, jua lilitoka jekundu na dogo, lisilo na joto, likapaka rangi ya waridi kila kitu. Nyumba za vijijini ni za magogo, na madirisha yake yamezungushiwa mbao zilizochongwa maua. Kila bomba la jikoni lilitoa uzi wa moshi uliosimama wima, kwa kuwa hapakuwa na upepo. Mtu wa kwetu akiiona nchi hiyo atasema imekufa: hakuna jani, hakuna jembe, hakuna mbuzi njiani. Kumbe kila kitu kipo, kimefunikwa tu. Ng'ombe wako zizini na majani makavu yaliyokatwa kiangazi. Viazi viko katika shimo chini ya sakafu. Na ngano iliyopandwa kabla ya baridi iko chini ya theluji, ambayo huikinga isife.

Tulishuka Yakhroma baada ya zaidi ya saa moja. Mbele yetu ulikuwa mfereji mkubwa unaounganisha mto Volga na Moscow, umeganda mpaka ng'ambo. Juu ya minara ya lango lake la maji kumewekwa mifano ya jahazi za kale, mfano wa zile za Columbus, nazo siku hiyo zilikuwa zimejaa theluji matangani. Mfereji huo wenye urefu wa kilomita 128 ulijengwa kati ya 1932 na 1937, na waliouchimba kwa sehemu kubwa walikuwa wafungwa, ambao wengi wao walikufa kazini. Hayo nilikuja kuyasoma baadaye. Mwaka ule hayakusemwa kwa sauti. Lakini jambo la vita lilisemwa. Juu ya kilima cha ng'ambo ilisimama sanamu kubwa ya askari aliyeinua silaha yake, iliyojengwa 1966. Mwalimu alitueleza kwamba tarehe 28 Novemba, 1941 majeshi ya Ujerumani yaliteka daraja la mahali hapo na kuvuka upande wa mashariki. Jeshi Jekundu liliwarudisha, na siku chache baadaye, mwanzoni mwa Desemba, likaanza mashambulizi yaliyowafukuza karibu na Moscow. "Mimi nilikuwa mtoto wa mwaka mmoja," alisema. "Mama alinificha shimoni, pamoja na viazi."

Tukatembea kwa miguu kiasi cha nusu saa. Theluji ililia chini ya viatu kama unga wa muhogo mkavu unaposhikwa. Mwenzangu aliacha njia kidogo ili apige picha, akazama mpaka kiunoni, tukamvuta kwa mikono miwili huku watoto wa kijiji wakishangilia.

Mama yake mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kitambaa kichwani kama mama zetu, na miguuni amevaa viatu virefu vya sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, vinavyoitwa valenki. Tulimwita Babushka, yaani nyanya. Kwa sikio la Mswahili neno hilo huanza kwa baba, lakini kwa Kirusi cha shamba "baba" ni mwanamke. Nilipomweleza kwamba kwetu baba ni mwanamume, alicheka mpaka akafuta machozi, akasema kwamba katika nyumba yake maana zote mbili ni sawa, kwa kuwa tangu 1941 amekuwa baba na mama.

Natamani akina mama wasomaji wa ukurasa huu waione nyumba ile. Katikati limejengwa jiko la matofali kubwa kama chumba kidogo. Hupikia, hupasha nyumba joto mchana na usiku, na juu yake pana nafasi ya mtu kulala. Madirisha ni ya vioo viwili, kimoja nje na kimoja ndani, na katikati ametandika pamba ili baridi isipenye. Chini ya mkeka kuna mlango wa shimo la akiba: viazi, karoti, mitungi ya matango ya chumvi, pipa la kabichi iliyochachuliwa, na chupa za jamu ya matunda ya mwituni. Mama mwenye kuweka akiba kama ile hasumbuliwi na majira. Alitupa viazi vya moto, matango, mkate mweusi, na chai ya samovari iliyonywewa kwa kulamba jamu kijikoni.

Ukutani palikuwa na picha moja ya kijana aliyevaa kofia ya askari. Chini yake, juu ya rafu, palikuwa na karatasi tatu zilizokunjwa pembetatu. Wakati wa vita askari wao hawakuwa na bahasha. Waliikunja barua yenyewe namna hiyo na kuandika anwani juu. Mwenzangu aliuliza kama ni mwanawe. "Ni mume wangu," alijibu Babushka. "Mimi nimezeeka, yeye amekataa kuzeeka."

Mume huyo aliitwa jeshini mwezi wa Julai 1941. Barua ya tatu ilifika Oktoba. Baada ya hapo ikaja karatasi ya serikali iliyosema kwamba amepotea pasipo habari. Haikusema amekufa, wala haikusema yu hai. Nikamsikia mwalimu akisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo hilo mara nyingi: "Nina nyumba mjini yenye joto la bomba na maji ya moto, na chumba kimoja kiko tupu. Kila mwaka namwomba ahamie. Hataki. Anachota maji kisimani kwa ndoo katika baridi hii."

Babushka aliendelea kumenya kiazi. Kisha akasema polepole, ili sisi wageni tumfahamu: "Yeye anaujua mlango huu. Huo wa mjini haujui."

Nyumba ilinyamaza. Mimi, kwa ujana wangu na kwa zile kurasa nne zilizokuwa zikinichoma kifuani, sikuweza kujizuia. Nikamwuliza: "Babushka, kwa kweli unaamini kwamba atarudi?"

Mwalimu alinitazama kwa hasira. Lakini bibi yule hakukasirika. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwa aproni, akanijibu maneno ambayo nayakumbuka kama amri ya mkuu wangu: "Mwanangu, mimi si mjinga. Kuhesabu najua. Angekuwa na miaka 70 sasa, na wenzake wamekwisha kufa hata wale waliorudi. Kichwa changu kimejua siku nyingi. Lakini wote wanaokuja hapa wanataka niseme kwa kinywa changu kwamba amekufa. Serikali haikusema. Rafiki zake hawakusema. Mbona mniagize mimi? Mimi ndiye mtu wa mwisho aliyebaki upande wake."

Sikuwa na la kujibu. Nilitazama chini, nikaona mikono yake. Ilikuwa mikono ya nyanya yangu, ila rangi tu.

Niliomba nimchotee maji. Nilikwenda kisimani na ndoo mbili, nikavunja barafu iliyofunika mdomo wa kisima kwa fimbo ya chuma, na huko nje, peke yangu, nikaitoa barua. Niliisoma upya, na kila sentensi ilikuwa ya kweli. Hapakuwa na hesabu iliyokosea. Lakini sasa nilimwona nyanya yangu amekaa mkekani, baba yangu akimsomea sentensi hizo za kweli moja moja mbele ya watu, na yeye akingoja zimalizike. Nilitambua kwamba sikumwandikia ili ajue jambo asilolijua. Nilimwandikia ili kumlazimisha akiri mbele yetu, tupate ekari tatu.

Nilirudi ndani na maji. Babushka alipofungua mlango wa jiko kuongeza kuni, nikamwomba ruhusa, nikaitia barua motoni pamoja na stempu yake. Hakuuliza ni nini. Alisukuma gogo juu yake, akafunga.

Saa kumi tuliagana, jua likishuka nyuma ya misonobari na theluji ikigeuka buluu. Alitupa kila mmoja chupa ya jamu iliyofungwa kwa gazeti. Nilipogeuka njiani nilimwona bado amesimama, mkono mmoja juu ya komeo. Katika gari wavuvi walilala wakiwa wameegemea keekee zao, na samaki wadogo walioganda walilia ndani ya masanduku kama vijiti.

Usiku ule niliandika barua nyingine, ya ukurasa mmoja. Nilimwambia baba: "Msifanye matanga. Lilimeni shamba pamoja na nyanya kwa idhini yake, lakini liendelee kuitwa kwa jina la mwenyewe maadamu nyanya yu hai. Mdogo wangu nitamsaidia kwa mshahara wangu wa kwanza."

Wasomaji wapenzi, sitawadanganya kwamba wote walifurahi. Baba alijibu kwa mistari mitatu, na haikuwa mistari ya upole. Mdogo wangu alichelewa kuoa miaka miwili, akaenda kutafuta kazi mjini, na kwa muda mrefu aliponiamkia aliniamkia kama mgeni. Gharama hiyo niliilipa, nami nakiri kwamba alikuwa na haki ya kunung'unika. Wakati mwingine heshima kwa mzee hulipwa na kijana ambaye hakuulizwa.

Mwaka 1989 nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani. Nyanya aliugua. Jioni moja alimwita baba, akamwambia bila kulazimishwa na mtu: "Nikienda, fanyeni matanga yetu siku moja, mimi na mwanangu. Sasa nitakwenda kumtazama mwenyewe, msiwe na wasiwasi." Debe la simsim la mavuno ya mwisho aliagiza lipikiwe waombolezaji. Tukafanya hivyo. Shamba lilipata mdogo wangu, naye mwenyewe ndiye aliyesema kwamba jina lisibadilishwe. Mpaka leo linaitwa kwa jina la baba mdogo.

Baadaye sana nilisoma habari ambazo karani yule hakuwa nazo. Meli iliyochukua wapiganaji wa mizinga wa Afrika Mashariki kutoka Mombasa kwenda Colombo iliitwa Khedive Ismail. Tarehe 12 Februari, 1944, karibu na visiwa vya Maldivi, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu karibu 1,300 walikufa. Askari wa Afrika Mashariki waliozama humo wameandikwa katika ukumbusho uliomo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Niliyasoma hayo yote, na nilishukuru kwamba nyanya alikuwa amekwisha kupumzika, kwa kuwa swali lake lingebaki pale pale: aliyemwona akifa ni nani?

Katika laini zetu wako akina mama wanaoacha mlango bila komeo, na baba wanaotunza baiskeli ya mtu asiyerudi. Jirani mwenye akili nyingi atasema hao wamechanganyikiwa. Nawaomba tusiwe majirani wa namna hiyo. Ikiwa kuna habari za hakika, ni wajibu wa wakubwa kuzileta mapema na kwa ukweli, na aliyekuwapo aje aseme mwenyewe aliyoyaona. Lakini ikiwa hakuna habari, basi tumchotee mama yule maji, tumwezekee nyumba yake, na tusimwombe kinywa chake kiseme lile ambalo hakuna mwingine aliyethubutu kulisema. Siku yake ikifika, atalisema mwenyewe, kama nyanya yangu.

Chupa ile ya jamu ninayo mpaka sasa, imebaki tupu. Mke wangu huitilia simsim.